Kitenzi cha Kiingereza "exemplify": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa sekondari, wafasiri, na watu wanaoandika barua na ripoti za Kiingereza kazini huku kichwa kikifikiri kwa Kiswahili. Yanaanza na ya msingi na kuishia na yale ya pembeni. Jibu likikuelekeza kwenye swali jingine, lifuate, maana jambo lililoelezwa mahali pamoja halirudiwi.

## Mambo ya msingi

1. "Exemplify" maana yake nini hasa?

Kina maana mbili za kawaida, na ya tatu ya kisheria ambayo iko kwenye swali la 16.

Maana ya kwanza ni kitu au mtu kuwa mfano wa jambo fulani, tena mfano ulio wazi kiasi kwamba ukiutazama umelielewa jambo lenyewe. "Wangari Maathai's life exemplifies courage": maisha ya Wangari Maathai ni mfano hai wa ujasiri. Hapa hakuna anayetoa mfano. Maisha yenyewe ndiyo mfano.

Maana ya pili ni mtu kulitolea jambo mfano ili lieleweke. "The teacher exemplified the rule with two sentences": mwalimu aliitolea kanuni hiyo mifano kwa sentensi mbili. Hapa yupo mtu mwenye nia, na mfano ni chombo chake.

Wengi huchanganyikiwa hapo, kwa sababu Kiswahili hakina kitenzi kimoja kinachobeba maana zote mbili. Ukisoma magazeti na vitabu vya Kiingereza, ile ya kwanza ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi zaidi, kwa hiyo anza nayo.

2. Kinatamkwaje?

Ig-ZEM-pli-fai. Mkazo uko kwenye "zem", na herufi "x" inatoa sauti ya "gz", si "ks". Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi wetu huvutwa useme ig-zem-PLI-fai. Uzuie. Maneno ya Kiingereza yanayoishia na "-ify" huweka mkazo kwenye silabi inayotangulia kiambishi hicho: SIM-pli-fai, i-DEN-ti-fai, ig-ZEM-pli-fai.

Kuhusu "x", sikiliza mkazo unapoangukia. Ukiangukia irabu inayofuata "x", sauti huwa "gz", kama katika "exam", "exist", "exact" na "example". Ukiangukia "e" ya mwanzo, kwa kawaida husikika "ks", kama katika "exercise" na "execute". Sikiliza tena "executive": mkazo umehamia mbele, na sauti imegeuka kuwa "gz".

3. Kinabadilikaje kwa nyakati?

"Exemplifies", "exemplified", "exemplifying". Herufi "y" hugeuka "i" kabla ya "-es" na "-ed", lakini hubaki kabla ya "-ing". Nomino yake ni "exemplification". Ni kitenzi elekezi, yaani lazima kiwe na yambwa. Huwezi kusema "This story exemplifies" ukaishia hapo. Msomaji atakuuliza: ni mfano wa nini?

4. Ni neno la mazungumzo ya kawaida?

La, ni neno la maandishi na hotuba rasmi. Sokoni au mezani Mwingereza husema "is a good example of" au "shows". Kwenye insha ya chuo, ripoti, barua ya kumpendekeza mtu kazini au hukumu ya mahakama, linakaa vizuri. Likija mara tatu katika ukurasa mmoja, mbili zigeuze ziwe "shows".

## Asili ya neno

5. Limetoka wapi?

Limetoka Kilatini, na safari yake inaeleza maana yake kuliko fasili yoyote ya kamusi.

Mwanzo kabisa kuna kitenzi cha Kilatini "emere". Zamani kilimaanisha kuchukua. Baadaye kikahamia kwenye kununua. Kiongeze "ex", yaani nje, upate "eximere": kuchukua kitu na kukitoa nje ya vingine. Kutoka hapo ikazaliwa nomino "exemplum", kilichochomolewa katika kundi. Waandishi wa Kilatini wa zama za kati wakaiunganisha na "facere", kufanya, wakapata "exemplificare", na Waingereza wakaanza kulitumia kwa lugha yao katika karne ya 15.

Anayejua biashara ya nafaka hahitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu ameshaliona bambo. Ni kile chuma chenye mfereji na ncha iliyochongoka. Mnunuzi wa jumla hafungui magunia yote. Analichoma gunia kwa bambo, analichomoa, anamimina punje kiganjani, anaziangalia, anazinusa, pengine anaitafuna moja. Zile punje kiganjani ndizo "exemplum". Zina thamani kwa sababu mbili: zimetoka ndani ya gunia hilihili, na zinasema kweli kuhusu punje zilizobaki. Punje nzuri zilizookotwa kwingine zikawekwa juu ya gunia si mfano, ni ulaghai.

Basi kila unapotaka kuandika "exemplifies", jiulize gunia ni lipi. Kama huwezi kulitaja, kitenzi hiki si chako kwa sentensi hiyo. Ushauri huu nitaurejea katika maswali kadhaa hapa chini, kwa sababu sijapata kipimo kingine kinachofanya kazi vizuri kama hicho.

6. Lina undugu na "example" na "sample"?

Undugu wa damu. "Example", "sample", "exemplar", "exemplary" na "exemplify" yote yanatoka kwa "exemplum". "Sample" lilipitia Kifaransa cha kale, "essample", kisha kichwa chake kikakatika. Na neno hilo lilipofika kwetu likawa sampuli. Kwa hiyo mhudumu wa maabara anayekuomba sampuli ya damu, na fundi anayepeleka sampuli ya udongo kupimwa kabla ya kujenga, wanatumia binamu wa "exemplify" bila kujua. Tone lile la damu linasemea damu yote mwilini.

Kuna ndugu wengine wa mbali kupitia "emere". "Exempt" ni aliyetolewa nje ya wajibu, kama bidhaa iliyosamehewa kodi. "Redeem" ni kununua tena, ndiyo maana sisi tunasema kukomboa, iwe ni rehani ya duka au roho ya mtu. Ukiyajua haya, maneno yenyewe huanza kukaa kichwani bila kukaririwa.

7. Katika Biblia ya zamani ya Kiingereza nimekuta "ensample". Ni kosa la uchapaji?

Si kosa. Ni umbo la zamani la "example", lililoingia kupitia Kifaransa kabla wasomi hawajalirudisha karibu na Kilatini. Tafsiri ya mwaka 1611, ile ya Mfalme James, inalitumia kando ya "example". Katika 1 Petro 5:3 wazee wa kanisa wanaambiwa wawe "ensamples to the flock", na katika 1 Wakorintho 10:11 yaliyowapata mababa yametokea "for ensamples".

Angalia sasa Biblia ya Kiswahili ya Union. Mahali pa kwanza ina "vielelezo kwa lile kundi", mahali pa pili ina "kwa jinsi ya mifano". Wafasiri wetu waliona tofauti ya matumizi: wazee wanatakiwa kuigwa, ila yaliyowapata mababa ni ya kuonya. Katika Kigiriki mzizi wa sehemu zote mbili ni mmoja, "typos", alama inayoachwa na pigo au muhuri. Huyo "typos" ndiye mzazi wa kitenzi kingine, "typify", ambacho kiko kwenye swali la 11.

8. Ile "-fy" ya mwishoni ina kazi gani?

Imetoka kwa "facere", kufanya, kwa njia ya Kifaransa. "Simplify" ni kufanya kitu kiwe rahisi, "clarify" ni kufanya kiwe wazi. Kazi yake inakaribia ile ya "-sha" na "-za" zetu katika rahisisha na tengeneza. Kwa hiyo "exemplify" kwa umbo lake ni kufanya mfano, na ile maana ya kuwa mfano imekua juu ya hiyo.

## Kutafsiri na kutumia

9. Kwa Kiswahili nikitafsirije?

Usitafute neno moja. Tazama kwanza kiima.

Kiima kikiwa kitu, tukio au maisha ya mtu, tumia "ni mfano hai wa", "ni kielelezo cha", "kinadhihirisha" au "kinaakisi". "The drought exemplifies the danger of cutting down forests" inakuwa: ukame huu unadhihirisha hatari ya kukata misitu. Ukiandika "ukame huu unatoa mfano wa hatari", umeufanya ukame kuwa mwalimu aliyesimama ubaoni.

Kiima kikiwa mtu anayeeleza, kauli ya kutendea inafaa kabisa: "mwandishi anaitolea hoja yake mifano mitatu". Hiyo "-tolea mfano" ndiyo ndugu wa karibu zaidi wa maana ya pili, na ninashangaa inavyosahaulika. Watu wanaandika "anatoa mifano kwa ajili ya hoja yake" wakati lugha imeshawapa njia fupi.

Jihadhari na "fananisha" na "mithilisha". Yana mzizi unaokaribia mfano na mithali, lakini maana yake ni kulinganisha kitu na kingine. Aliyemfananisha mtu na simba hakusema kwamba mtu huyo ni mfano wa simba.

Kuhusu nomino, mfano ni neno pana na hutosha mara nyingi. Kielelezo kina uzito zaidi. Kimetoka kwa eleza, na mahakamani ndilo neno la kitu kinachopokelewa kama ushahidi. Kigezo ni kipimo cha kupimia vingine, kwa hiyo kinafaa kwa "standard" au "criterion", si kwa kila "example".

10. Baada ya "exemplified" niweke "by", "in" au "with"?

"By" hutangulia kile kilicho mfano: "a tradition exemplified by the poetry of Lamu". "In" hutangulia mahali jambo linapoonekana: "a style exemplified in the carved doors of Zanzibar". Mara nyingi yote mawili yanakubalika na tofauti ni ndogo. "With" ni ya maana ya pili, inataja chombo cha anayeeleza: "She exemplified the point with a story".

Kwa Kiswahili, "as exemplified by" usilitafsiri kwa kauli ya kutendwa. Sema "kama inavyodhihirika katika", au vunja sentensi: "mfano wake ni".

11. Kuna tofauti gani na "illustrate", "typify", "epitomize" na "embody"?

Hili huulizwa kuliko yote, na kamusi nyingi hulijibu kwa kuzungusha neno moja kuwa maana ya jingine. Tutumie mfano mmoja kwa yote: Mji Mkongwe wa Lamu, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001.

"Illustrate" limetoka kwenye Kilatini cha kutia nuru. Kazi yake ni kufanya jambo lionekane, na chochote kinachosaidia kuona kinaweza kuwa kiima: mchoro, takwimu, kisa, hata mzaha. Ramani ya Lamu inaweza "illustrate" jinsi mitaa ilivyopangwa. Lakini ramani si mtaa, kwa hiyo haiwezi "exemplify" mitaa hiyo. Kumbuka bambo: ramani haikutoka ndani ya gunia.

"Typify" ni kuwa na sura ya kawaida ya kundi, kitu ambacho ukikutana nacho unasema "ndivyo walivyo". Lamu inasifiwa kama makazi ya Waswahili ya zamani zaidi na yaliyohifadhiwa vizuri zaidi Afrika Mashariki. Kwa sababu hiyohiyo haiwezi "typify" miji ya pwani ya leo: iliyohifadhiwa kuliko zote haiwezi kuwa ya kawaida. Lakini inaweza "exemplify" ujenzi wa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, kwa sababu "exemplify" hakidai wastani. Kinadai sifa iwepo kweli na ionekane wazi. Ukiishika tofauti hii moja umewapita waandishi wengi wanaokizungumza Kiingereza tangu utotoni.

"Epitomize" kimetoka Kigiriki, kwenye kukata, na zamani "epitome" ilikuwa muhtasari wa kitabu. Kwa hiyo ni kulibeba jambo zima kwa ufupi, kwa kiwango cha juu kabisa. Ukiandika kwamba Lamu "epitomizes" ustaarabu wa Waswahili, umedai kwamba ustaarabu wote umekusanyika humo, na mtu wa Kilwa, Mombasa au Pate ana haki ya kukuuliza. Nomino hutamkwa e-PI-to-mi, silabi nne. Usiseme "epi-tom".

"Embody" ni kuwa mwili wa jambo lisilo na mwili, kama haki, subira au ukarimu. Mji unaweza "embody" historia. Mlango mmoja wa kuchongwa unaweza "exemplify" ufundi wa Lamu, ila kusema una-"embody" ufundi huo ni kuutwisha mlango mzigo mkubwa.

Ukitaka kuona maneno haya yakifanya kazi pamoja, soma kigezo cha nne kati ya vile ambavyo UNESCO hutumia kuchagua urithi wa dunia, nacho ni kimojawapo cha vigezo vilivyoiingiza Lamu. Kinataka mahali pawe "an outstanding example" ya aina ya jengo au mandhari, ambayo "illustrates" hatua muhimu katika historia ya binadamu. Mahali ni mfano wa aina, na mfano huo unatia nuru historia. Kazi mbili, vitenzi viwili, wala haviwezi kubadilishana nafasi.

12. Makosa gani ya Waswahili yanajirudia?

La kwanza ni "exemplify me" au "exemplify to me", linalotokana na "nitolee mfano". Kiingereza hakiruhusu. Sema "Give me an example".

La pili ni "exemplify that". Kitenzi hiki hakifuatwi na sentensi nzima. "This exemplifies that corruption is bad" ni kosa. "This shows that" ndiyo sahihi.

La tatu ni "exemplify with an example". Mfano tayari umo ndani ya kitenzi. Taja mfano wenyewe: "with the case of".

La nne ni kukitumia kwa hali inayoendelea katika maana ya kwanza: "He is exemplifying honesty". Kuwa mfano ni hali, haiendelei na kukoma kama kupika, kwa hiyo "He exemplifies honesty" inatosha. Katika maana ya pili "-ing" haina tatizo.

Na wapo wanaokichanganya na "amplify", kukuza sauti au jambo, kwa kuwa yanafanana masikioni.

13. Kwenye mtihani nikiulizwa "exemplify" au "illustrate", natakiwa nifanye nini?

Toa hoja, kisha tukio au nukuu mahususi inayoibeba, kisha sentensi inayoonyesha jinsi tukio hilo linavyothibitisha hoja. Wanafunzi wengi huacha hiyo ya tatu na kupoteza alama. Wanataja mhusika aliyefanya jambo fulani, wanahama, na msahihishaji anabaki na punje kiganjani bila kujua zimetoka gunia gani.

Katika mitihani ya fasihi ya Kiingereza huko Kenya utakutana na agizo la kuandika insha "using illustrations from" kitabu fulani. Hapo "illustrations" si picha. Hakuna anayetaka uchore. Ni mifano kutoka ndani ya kitabu, sawa na "fafanua kwa mifano" katika karatasi ya Kiswahili.

14. "E.g." na "i.e." zinahusikaje hapa?

"E.g." ni kifupi cha Kilatini "exempli gratia", kwa ajili ya mfano, kwa hiyo ni ndugu kamili wa kitenzi chetu. Kwa Kiswahili ni k.m., kwa mfano, au mathalani kwa wanaopenda ladha ya Kiarabu. "I.e." ni "id est", na sisi tunayo yaani, ambayo nayo kwa Kiarabu ina maana ya "inamaanisha".

Kipimo ni hiki: ukiweza kuweka "yaani", andika "i.e.", na kinachofuata lazima kiwe jambo lilelile zima. Ukiweza kuweka "kwa mfano", andika "e.g.", na ujue umechomoa baadhi tu. "Nchi jirani za Kenya, yaani Tanzania na Uganda" ni uongo wa jiografia, kwani Somalia, Ethiopia na Sudan Kusini zimeachwa nje. "Kwa mfano Tanzania na Uganda" ni kweli. Tofauti hiyo ndogo imewahi kugeuza maana ya vifungu vya mikataba, kwa hiyo wafasiri wasiichukulie kwa wepesi.

## Maswali ya pembeni

15. Kitu kibaya kinaweza "exemplify"? Mbona "exemplary" ni sifa njema?

Kinaweza. Gunia lenye mchele ulioliwa na wadudu nalo hutolewa sampuli. "The scandal exemplifies the decay of the institution" ni Kiingereza safi. Kitenzi hakina upande.

"Exemplary" ndicho kilichoegemea wema: "exemplary conduct" ni mwenendo wa kuigwa. Lakini maana ya zamani, mfano wa kuonya, imebaki katika sheria. "Exemplary punishment" ni adhabu inayotolewa ili iwe fundisho kwa wengine, wala si adhabu nzuri. Vivyo hivyo "exemplary damages" ni fidia inayotozwa kumwadhibu aliyekosa, juu ya ile ya kumlipa aliyeumia. Mwaka 1964, katika shauri la Rookes na Barnard, majaji wa Bunge la Mabwana la Uingereza (House of Lords), lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya huko, waliibana fidia hiyo katika mazingira machache, mojawapo likiwa pale watumishi wa serikali wanapotenda kwa uonevu. Shauri hilo linanukuliwa mpaka leo katika mahakama zetu zilizorithi sheria ya Kiingereza. Mfasiri wa hukumu akiandika "fidia ya mfano mwema" amepotosha kila kitu.

16. Nimeombwa "exemplified copy" ya hati. Ni nini?

Hii ndiyo maana ya tatu: kutoa nakala ya hati ya mahakama au ya kumbukumbu za serikali, yenye uthibitisho na muhuri wa ofisi inayoitunza. Wanaokutana nalo ni hasa ndugu zetu walioko Marekani na Uingereza wanaofuatilia mirathi au talaka, hati ikitakiwa kutumika katika jimbo au nchi nyingine.

Si sawa na nakala iliyothibitishwa ya kawaida, "certified copy". Katika majimbo ya Marekani kama New York, "exemplified" huwa na uthibitisho wa ngazi tatu: karani anathibitisha nakala, jaji anathibitisha kwamba karani ni karani kweli, kisha karani anathibitisha kwamba jaji ni jaji. Kabla ya kulipa ada, iulize ofisi itakayopokea hati inataka ipi, na uombe jibu kwa maandishi. Ukipeleka isiyo yenyewe utaanza upya.

17. Kitu kinaweza kuwa mfano wa sifa zake zote?

Swali zuri, na mwanafalsafa wa Kimarekani Nelson Goodman alilishughulikia mwaka 1968 kwa kutazama kipande cha kitambaa cha fundi. Fundi ana kijitabu cha vipande vidogo. Kila kipande kina rangi, mfumo wa nyuzi, wepesi au uzito, na pia kina ukubwa na umbo. Mteja anapokigusa anajifunza rangi na nyuzi za jora zima. Hajifunzi ukubwa wake. Hakuna anayedhani jora litakuja likiwa la mraba wa vidole vinne.

Kwa Goodman, basi, kuwa mfano kunahitaji mambo mawili: kuwa na sifa, na kuielekeza sifa hiyo. Kipande kina ukubwa, lakini hakiuelekezi. Kwa mwandishi wa kawaida faida yake ni kubwa: usiishie kutaja mfano, taja sifa. "Eliud Kipchoge exemplifies Kenya" haielezi kitu. "Eliud Kipchoge exemplifies the discipline of Kenyan distance runners" inaeleza, na gunia linaonekana.

18. Naweza kusema "I exemplify" kuhusu nafsi yangu?

Sarufi inaruhusu. Katika barua ya kuomba kazi, hata hivyo, "I exemplify leadership" husomeka kama kujisifu bila ushahidi, na msomaji wa Kiingereza huiona hivyo kama sisi tunavyoiona. Taja ulichofanya, na umwachie aliyekupendekeza akitumie kitenzi hicho.

19. Je, "example" lenyewe linaweza kuwa kitenzi?

Liliwahi kuwa, na masalia yake ni "unexampled", lisilo na mfano wake, ambalo bado utakutana nalo katika maandishi mazito: "unexampled generosity", ukarimu usio kifani. Nje ya hapo usiandike "This examples the problem". Ukisikia mtu akisema "exampling", mwelewe, ila kwenye karatasi yako weka "exemplifying", au rudi kwenye "shows".